Somo nambie: nnaruka vidonge vya kansa ya damu na nyumbani hawajui

Asalaam alaykum Somo,

Natumai mzima na wote nyumbani. Mie mtoto wa kike, miaka 28, niko Wete, Pemba, kazi yangu kushona kofia za mkono, nilifunzwa na bibi yangu mzaa mama tangu nna miaka 14. Nakuandikia usiku huu wote washalala, maana mchana nikishika simu kidogo tu naulizwa nachati na nani.

Mwaka juzi nilianza kuchoka ovyo, usiku natoka jasho mpaka shuka linarowa, nakonda, halafu tumbo upande wa kushoto likajaa likawa gumu. Somo we unaijua mitaa yetu, mwanamwali hajaolewa tumbo limetoka, sitaki hata kukumbuka. Mama alinipima mimba mara mbili kwa vile vijiti vya duka la dawa na mara zote mbili hakuamini. Nikatibiwa malaria, nikatibiwa vidonda vya tumbo, mwisho daktari mmoja akasema hebu mpimeni damu yote, chembe nyeupe zikaja laki mbili na kitu. Ndo tukavuka kwenda Dar, nikaambiwa ni saratani ya damu, lukemia, aina wanayoiita CML, na lile tumbo kumbe ni bandama imefura.

Nilijua nakufa wiki ile ile. Lakini wakanipa vidonge tu, imatinibu ya miligramu 400, kimoja kwa siku, nakula nyumbani kwetu, silazwi wala sitiwi dripu. Dawa silipi, ila nauli na pa kulala ndo juu yetu, kila miezi mitatu. Haikupita miezi mingi tumbo likarudi, jasho likakata, nikanenepa, na kila anoniona anasema alhamdulillah ushapona.

Sasa shida yangu iko hapo. Sijapona, na kuumwa siumwi, sijui niko wapi. Nikila kidonge nachafukwa na roho mpaka adhuhuri. Nikiamka macho yamevimba kama niliyelia usiku kucha. Vidole vinakamata Somo, nimeshika sindano vinajikunja vyenyewe naangusha kofia, kuna kofia ya mtu wa Mombasa nnayo tangu mfungo sita haijafika hata nusu na nikishika kazi nyengine ndo hivo hivo. Na rangi yangu inafifia, nazidi kuwa mweupe uso na mikono, siku moja shughulini wifi yangu kanambia mbele za watu "mwenzetu hiyo losheni gani, tupe na sie", watu wakacheka, wote washaamini napaka mkorogo.

Na nyumbani ndo wamenifanya yai. Sioshi chombo, sishiki ndoo, siendi harusini, jikoni nikikanyaga mama ananitoa, eti damu yangu nyepesi. Lakini wageni wa kuja kunitizama hao hawakatazwi, wanakaa wanane ukumbini wananitizama kama maiti anayepumua, mmoja anakohoa, mwengine kaja na mizizi. Ami yangu kila Ijumaa ananiletea kombe la dua ninywe.

Somo, ntakwambia jambo sijamwambia mtu. Vidonge navirusha. Ilianza ndani ya boti, bahari ya kusi imechafuka nikatapika kila kitu, kesho yake nikaona kumbe sikula dawa na roho imetulia. Nikaanza kuruka siku za shughuli ili macho yasivimbe. Sasa hivi wiki nala vinne, vitano. Nikiruka siku mbili vidole vinakubali, nashona mpaka alfajiri, nahisi ndo mie yule wa zamani. Vinavyobaki natia ndani ya mkoba wa nyuzi chini kabisa. Kliniki nikiulizwa unakula dawa nasema nakula, na ni dakika tano tu, nje foleni imejaa nami naona haya.

Na la mwisho kuna posa. Kijana wa Konde, mwalimu wa skuli, watu wazuri. Wazee wanasema nisimwambie kitu mpaka ndoa ipite. Na Ramadhani inakuja, iliyopita sikufunga na maneno niliyoyapata bora njaa, mwaka huu nataka nifunge. Je vidonge vinne kwa wiki si afadhali kuliko kuacha kabisa? Na huyu mtu wa watu nimfanyeje?

Mshona Kofia, Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu mshona kofia,

Barua yako niliposoma pale pa mkoba wa nyuzi niliweka simu chini nikenda kuchemsha chai kwanza. Mie si daktari, nilikuwa nesi miaka mingi kabla sijakaa hapa kusikiliza ya watu, na huo mkoba wako si wa kwanza kuusikia. Nshaona vidonge vya presha ndani ya mto, vya TB ndani ya chungu cha maua. Kwa hiyo usione haya na mie.

Jibu la suali lako ni hapana. Vinne kwa wiki si "afadhali", na mwenyewe nataka ujue kwa nini, sio uambiwe kula dawa tu kama mtoto. Ugonjwa wako umetoka kwenye kosa moja dogo ndani ya chembe ya uboho: kromosomu, zile nyuzi ndogo zinazobeba maelekezo ya chembe, namba 9 na namba 22 zimekatika zikabadilishana vipande. Watu wameijua hiyo kromosomu mbovu tangu 1960, wanaiita ya Philadelphia kwa kuwa iligunduliwa mji huo. Hivyo vipande vikiungana vinatoa amri moja tu, zaana, zaana, zaana, usiku na mchana, ndo ukafika laki mbili wakati mtu mzima hana zaidi ya elfu kumi na kidogo. Imatinibu haing'oi mzizi. Kazi yake kukaa juu ya mdomo wa hiyo amri ikauziba, na nguvu yake ndani ya damu inapungua nusu kila baada ya kama masaa 18, ndo maana ikawa kila siku. Ukiruka siku mbili ule mdomo unafunguka. Na chembe zinazopata nafasi ya kuzaana wakati dawa ni kidogo, siku nyengine zinabadilika umbo, ukija kurudi kwenye kidonge chako haziisikii tena.

London waliwahi kuwafuatilia wagonjwa 87 wa ugonjwa wako huo huo, matokeo wakayatoa 2010. Vikopo vyao vya dawa vilitiwa vifuniko vyenye kumbukumbu ya elektroniki, kila ukifungua kinaandika, kwa hiyo hakuna wa kusema nakula na kumbe hali (nacheka lakini ndo hivo). Waliokula zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao, karibu 95 katika kila 100 ugonjwa ulishuka mpaka pale madaktari wanapopataka ndani ya miaka 6. Waliokula 90 au chini ya hapo ni kama 28 tu. Hebu shika hesabu mwanangu: katika siku 30, asilimia kumi ni vidonge vitatu. Vitatu kwa mwezi. Wewe unaruka viwili, vitatu kwa wiki.

Na usijidanganye kwa kuwa tumbo limerudi na hesabu ya chembe nyeupe iko sawa. Hiyo hesabu ya kawaida inaweza kuonesha raha tupu huku chini moshi unafuka, kinachouonesha ni kile kipimo cha PCR, cha damu, kinachotafuta alama ya ile amri mbovu hata ikibaki kidogo. Sasa fikiria, PCR inapanda, daktari anakuuliza unakula, unasema nakula. Yeye atafanya nini? Ataandika dawa imeshindwa. Atakupandishia dozi au akutafutie dawa nyengine kali zaidi, na kumbe ile ya kwanza haijapewa nafasi. Ule uongo wako mdogo wa haya ndo utakaomtoa njiani.

Kwa hiyo ukivuka safari hii chukua vyote vilivyomo ndani ya mkoba, tia kwenye bahasha, muwekee mezani nesi au daktari, sema "nimekosa hivi, na sababu ni hizi". Ziandike kwenye karatasi usiku kabla hujaondoka, roho, macho, vidole, ngozi, maana dakika tano zikianza utasahau yote. Kama safari bado mbali usingoje, piga simu kliniki ama nenda hospitali ya karibu na wewe wakuulizie. Na kidonge cha kila siku kianze kesho, kimoja, sio viwili kufidia vya nyuma. Ukitapika baada ya kukila usirudie, ngoja wakati wake wa kesho. Siku ya boti si lazima ule kabla ya kupanda, ule ukishashuka ukishakula chakula, mradi siku isipite.

Sasa niseme la moyoni. Nimechoka na hii tabia ya kumwambia mgonjwa shukuru Mungu uko hai. Kushukuru anashukuru. Lakini mtu anayeishi na dawa miaka na miaka, namna anavyoamka asubuhi ni sehemu ya matibabu yake, si deko. Ukiteswa na dawa utaikimbia, mfano si ni wewe? Hayo manne uliyoyataja kila moja lina cha kufanywa.

Hukunambia unakula kidonge saa ngapi ila nimekisia, ni asubuhi na chai ya rangi na kipande cha mkate. Hicho kidonge kinataka kuliwa katikati ya mlo mkubwa wa siku na gilasi kubwa ya maji, kisha usilale papo hapo. Kwetu mlo mkubwa ni wali wa mchana, ama ule usiku mapema. Wengi roho yao inatulia kwa hilo tu. Ikikataa kuna vidonge vya kuzuia kutapika, ombeni. Macho yanavimba kwa sababu dawa inazuia maji mwilini na ukilala yanakusanyika usoni, punguza chumvi, najua Pemba kumwambia mtu aache ng'onda na papa mkavu ni ugomvi lakini punguza, lalia mito miwili. Jipime uzito mara moja kwa wiki, ukipanda ghafla au pumzi ikawa fupi hiyo si ya kungoja kliniki, nenda hospitali siku ile ile. Vidole kukamata ni jambo la kawaida sana kwa dawa hii. Maji ya kunywa ya kutosha, vidole uvinyoshe na uviroweke maji ya vuguvugu kabla ya kushika sindano, na muulize daktari akupime kalsiamu na magnesiamu, zikiwa chini kuna dawa. Usishone masaa sita mfululizo kama zamani, shona nusu saa weka.

Ngozi sasa. Dawa yako katika kuziba ule mdomo inagusa na mahali pengine, pale panapoamrisha rangi ya ngozi kutengenezwa, ndo watu weusi wakiila wengine wanafifia. Haina madhara na mara nyingi rangi inarudi dozi ikipunguzwa au dawa ikiachwa. Jikinge na jua kali, mtandio na mikono mirefu unayo. Huyo wifi yako akirudia mwambie losheni yenyewe inapatikana kliniki ya saratani, aje tu apange foleni.

Yote haya yakishindikana daktari ana njia, anaweza kushusha dozi mwenyewe akiwa anakuchungulia PCR, anaweza kukuhamishia ndugu zake hiyo dawa kama nilotinibu au dasatinibu. Tofauti ya kushushiwa na kujishushia ni kwamba yeye anaona anakokwenda.

Mizizi ya wageni usinywe hata kidogo, hata ya mtu unayempenda, kuna mimea inayoifukuza dawa mwilini na mingine inaipandisha mpaka ikawa sumu. Balungi nalo liache wala juisi yake, machungwa yetu haya matamu hayana neno. Kombe la ami yako ni maandishi ya zafarani na maji ya mawaridi, sikatazi mtu dua, ila muulize vizuri kama hakutia kitu chengine na umtajie daktari nalo. Vidonge visikae jikoni kwenye joto na mvuke.

Tuje kwa mama. Mama huyu alikushuku mimba mara mbili kumbe mwanawe anaumwa, na nadhani ndo anachokilipa sasa kwa kukunyang'anya ndoo. Usigombane naye. Mchukue safari ijayo aingie chumba cha daktari, asikie kwa masikio yake, maana wewe ukisema "naweza" hakuamini. Mtu wa CML aliyetulia kwenye vidonge anapika, anaosha, anakwenda harusini, anafanya kazi. Uchovu wenyewe wa saratani, ajabu yake, dawa yake mojawapo iliyojaribiwa ikafaa ni kutembea, kidogo kidogo kila siku, jioni jua likishapoa shuka mpaka bandarini urudi. Kukaa kitandani kunauzidisha. Wa kujihadhari ni wakati umeambiwa chembe nyeupe zimeshuka sana, hapo ndo uepuke msongamano na wenye mafua, na muwe na kipima joto ndani ya nyumba, ikifika 38 muende hospitali bila kungoja asubuhi wala kujitibu malaria nyumbani. Mmeona wenyewe mlivyozunguka mwanzo.

Na wageni, jamani. Kumtizama mgonjwa ni sunna lakini sunna hiyo haina kikao cha masaa matatu. Mama awaambie kistaarabu, wawili wawili, anayekohoa asalimie dirishani. Au bora zaidi, siku wakija wakukute unashona. Nakuapia watashindwa kukaa wakikutizama, watauliza bei.

Ramadhani: aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara zimemtaja mgonjwa kwa jina lake na hazikumwekea sharti la kuonekana mgonjwa usoni. Kidonge kimoja kwa siku kinaweza kuhamia futari, kwa hiyo si kwamba haiwezekani moja kwa moja, lakini hiyo ni ruhusa ya daktari akishaona damu yako na figo zako, na wewe ambaye vidole vinakamata na unatakiwa unywe maji mengi, sioni kama mwaka huu ndo mwaka wake. Ukikatazwa, fidia ipo, muulize sheikh wako. Kula chumbani na wenye maneno waachie maneno yao.

Kuhusu huyu mwalimu wa Konde wazee wako sikubaliani nao kabisa. Utaficha vipi kidonge cha kila siku ndani ya chumba kimoja? Utarudi kwenye kuruka ndo utakachofanya. Na kuna jambo kubwa kuliko haya, imatinibu inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mume wako lazima ajue kwamba uzazi wenu ni wa mpango na daktari tangu siku ya kwanza, si wa kushtukizana. Mwambie kabla ya mahari, mbele ya mtu mzima mmoja unayemuamini. Mwambie na upande wa pili pia, asisikie kansa tu akakimbia: katika utafiti mkubwa wa hiyo dawa, 83 katika kila 100 walioanza nayo walikuwa hai baada ya miaka 10, ugonjwa ambao zamani ulikuwa unaua wengi ndani ya miaka michache. Hauambukizi. Na wapo ambao PCR yao imekaa safi miaka kadhaa mfululizo, daktari akawasimamisha dawa huku akiwachungulia kila mwezi, na kama nusu yao hawakurudi kwenye ugonjwa. Ndo kipindi ambacho wanawake wengine wanapata watoto wao. Lakini kufika huko kunaanzia kwenye vidonge 30 vya mwezi huu, sasa utaona kwa nini nimeukasirikia ule mkoba.

Akikimbia, amekimbia kabla ya karamu, hasara yake ndogo. Akibaki mpeleke naye kliniki mara moja, foleni ile itamfunza mengi.

Mtu wa Mombasa mpigie umwambie kofia yake itachelewa miezi mitatu mengine na umtajie bei mpya, za mkono hazitoki kwenye mashine. Ukitoka Dar niandikie PCR imesemaje.

Somo